Uchambuzi wa kisa: safari ya wanafunzi 16 kwenda Athirappilly na Munnar, na jioni ambayo gari halikupanda mlima

Kabla ya kuanza

Safari inayochambuliwa hapa niliishiriki nikiwa mweka hazina. Majina ya watu, chuo, mwenye gari, hospitali na hoteli nimeyaondoa, na mwaka nimeuacha makusudi. Mito, miji na barabara nimeziacha na majina yake, kwa kuwa bila hizo msomaji hawezi kupima kama tuliamua vizuri au vibaya. Wahusika wanatajwa kwa nafasi zao: Kiongozi, Mwenyeji, Majeruhi na dereva.

Usuli

Tulikuwa wanafunzi 16 tunaosoma Bengaluru, jimbo la Karnataka: Watanzania na Wakenya 13, Mrundi mmoja, na wenzetu wawili Wahindi, mmoja wao akiwa mzaliwa wa Kerala, ambaye ndiye ninayemwita Mwenyeji. Kiongozi alikuwa binti wa mwaka wa tatu aliyewahi kuandaa safari mbili fupi za mchana. Tulichagua wikiendi ndefu ya katikati ya Agosti, inayoambatana na Sikukuu ya Uhuru wa India, ili tuone maporomoko ya Athirappilly, wilayani Thrissur, kisha tupande Munnar, wilayani Idukki, kwenye vilima vya chai.

Jambo ambalo hatukulifikiria ipasavyo ni majira. Mtu aliyekulia Dar es Salaam au Machakos anaujua Agosti kuwa mwezi wa kipupwe, masika yamekwisha na barabara za udongo zimekauka. Kusi ileile inayovuma pwani yetu miezi hiyo, ikishavuka ikweta, hupinda, hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi na kwenda kujigonga kwenye ukuta wa milima ya Western Ghats, na sehemu kubwa ya mvua humwagika upande wa Kerala. Bengaluru iko nyuma ya ukuta huo, mahali ambapo mawingu hufika yakiwa yamekwisha kujitua mzigo, kwa hiyo sisi tulikuwa tunapata manyunyu ya jioni tu na kudhani kwamba hiyo ndiyo hali ya India kusini. Tulitazama anga la chuoni, tukapanga safari ya mahali pengine.

Mpango ulivyokuwa kwenye karatasi

Kila mtu alichanga rupia 5,000, jumla 80,000. Gari, yaani basi dogo ambalo huko wote huliita tempo, lilichukua 38,000 pamoja na ushuru wa barabara, vibali vya kuingia majimbo ya Tamil Nadu na Kerala, na posho ya dereva. Posho hiyo kusini mwa India inaitwa bata, na Watanzania tulicheka sana tulipoambiwa kwamba dereva naye lazima ale bata. Malazi ya usiku mbili Munnar yaligharimu 28,000, nusu yake tukiwa tumeilipa kama arbuni isiyorudishwa. Zilizobaki, 14,000, zilikuwa za viingilio na chakula. Msomaji makini atakuwa amekwishaona kwamba hesabu hiyo inafunga bila kubaki hata rupia moja ya dharura, na aliyeifunga hivyo ni mimi.

Ratiba ilisema tuondoke Alhamisi saa 3 usiku, tupite Hosur, Salem, Coimbatore na pengo la Palakkad, tufike Chalakudy saa 1 asubuhi baada ya takriban kilomita 500, tuone maporomoko hadi saa 6 mchana, kisha tupande Munnar tukafike kabla ya giza. Katika karatasi hiyo hapakuwa na mstari wowote uliosema dereva atalala saa ngapi.

Mfululizo wa matukio

Tuliondoka saa 5:40 usiku. Wawili kati yetu walichelewa, na tulipokwisha kuwapata, barabara ya Hosur ilikuwa imejaa nusu ya jiji likienda makwao kwa sikukuu. Tulifika Athirappilly saa 5 asubuhi, saa nne nyuma ya ratiba, na hakuna aliyependekeza kwamba sasa ratiba ivunjwe. Kila mmoja aliendelea kuisoma kana kwamba saa hizo nne zingejilipa zenyewe.

Maporomoko yale yana urefu wa karibu mita 24, ambao si mkubwa sana, lakini mto Chalakudy hufika ukingoni ukiwa mpana, na Agosti huanguka wote kwa mkupuo. Ukisimama juu unaona moshi wa maji. Ukishuka chini kwa njia ya mawe iliyochongwa msituni unapigwa na upepo wenye mvua ndani yake hata kama anga limetulia. Kuogelea kumekatazwa, kuna kamba, na kuna walinzi wenye filimbi. Juu ya mto kuna bwawa la Poringalkuthu, na milango ya bwawa ikifunguliwa maji hupanda hata kama mahali uliposimama hakujanyesha.

Saa 7 mchana, Majeruhi alivuka kamba. Alikuwa amevaa kandambili, simu mkono wa kulia, akirudi kinyumenyume ili maporomoko yaingie yote kwenye picha. Nilihesabu hatua sita. Ya saba ilikanyaga jiwe lenye ukungu wa kijani, mguu ukaingia kati ya mawe mawili na mwili ukaenda upande mwingine. Filimbi ilikuwa imeshapulizwa mara mbili kabla, ila kishindo cha maji kiliimeza. Tulipokuwa tunamtoa, maji pembeni mwetu yaligeuka kutoka rangi ya chupa kuwa rangi ya chai ya maziwa, na mlinzi mmoja akaanza kutuondoa wote pale kwa kutusukuma, bila adabu na kwa haki kabisa.

Njia ya kurudi juu ni mwinuko mkali. Mwavuli ulifungwa kwenye mguu kama gango, khanga mbili zikaunganishwa kwa fundo kuwa machela, na vijana wanne wakapokezana kumbeba. Mkenya mmoja alisisitiza kwamba hizo ni leso, na mabishano hayo, kwa bahati nzuri, yalimpa Majeruhi kitu cha kucheka njiani. Tulifika hospitali moja ya Chalakudy saa 8:40. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mdogo kwenye mfupa wa nje wa kifundo. Akafungwa bendeji ngumu na kuzuiwa kukanyagia mguu huo. Gharama ilikuwa rupia 3,200, zilipwe palepale. Fedha zote za kikundi zilikuwa kwenye simu yangu moja, iliyobakiwa na chaji ya asilimia nne.

Uamuzi wa saa 11 jioni

Tulitoka hospitali saa 11:10 jioni. Jua lingezama baada ya saa moja na nusu hivi. Kutoka pale hadi Munnar, ukifuata Kothamangalam na Neriamangalam, ni mwendo wa saa nne gari likienda vizuri, na sehemu ya pili yote ni kona kali zinazopanda kutoka karibu na usawa wa bahari hadi mita 1,500 na zaidi. Dereva alikuwa amelala usingizi wa mang'amung'amu saa mbili ndani ya gari wakati sisi tuko majini.

Wakati tukisubiri bendeji ikauke, Mwenyeji alikuwa anasoma taarifa za Kimalayalam kwenye simu. Thrissur tulipokuwapo ilikuwa kwenye tahadhari ya njano. Idukki tulikokwenda ilikuwa imepandishwa mchana huo kuwa ya chungwa. Kwa kipimo cha Idara ya Hali ya Hewa ya India, rangi hiyo humaanisha mvua kubwa sana, milimita 115.6 hadi 204.4 ndani ya saa 24. Sisi tulikuwa tumeangalia utabiri siku ya Jumatano, na tuliangalia Athirappilly tu.

Kiongozi aliitisha kura kwenye maegesho ya hospitali. Tisa walitaka kupanda, watano walitaka kulala bondeni, wawili hawakupiga. Hoja ya tisa ilikuwa moja: tumeshalipa. Mimi nilikuwa mmoja wa hao tisa, na niliitetea arbuni ile kwa bidii kuliko wote.

Kisha Kiongozi akamuuliza dereva, ambaye wote tulimwita anna, yaani kaka mkubwa kwa lugha za huko, kama anaweza kupanda usiku. Anna akatikisa kichwa taratibu, upande huu na upande ule, kama mizani inayotafuta kutulia. Sisi tukasoma: ndiyo. Mwenyeji akaingilia kati, akasema kwamba pale kichwa hakijasema ndiyo wala hapana, kimesema ‘kama mnavyotaka ninyi’. Akamvuta pembeni, akamuuliza upya kwa Kitamil, safari hii si kama anaweza bali kama angependa, akiwa na familia yake mwenyewe ndani ya gari. Jibu lilikuja haraka na halikuhitaji kufasiriwa, kwa sababu anna alifunga mlango wa gari na kuegemea.

Mwenyeji akaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Usiku wa tarehe 6 Agosti 2020, huko Pettimudi, karibu na Munnar, kilima kilibomoka juu ya nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai, watu 70 wakapoteza maisha. Mwaka 2024, tarehe 30 Julai, maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 200 wilayani Wayanad. Alisema haya bila kupaza sauti, kama mtu anayetaja misiba ya kijijini kwao.

Kiongozi akasema: ‘Kura nimeisikia. Gari halipandi leo.’ Sababu alizotoa zilikuwa tatu na alizipanga kwa uzito: dereva hajalala, Majeruhi hawezi kukimbia wala kutembea gari likikwama, na Idukki iko kwenye rangi ya chungwa. Arbuni hakuitaja kabisa.

Usiku wa kutafuta pa kulala

Hapa ndipo tulipojifunza kitu ambacho hakimo katika vitabu vya watalii. Nyumba tatu ndogo za kulala wageni zilitukataa moja baada ya nyingine, na baadhi yetu walianza kunung'unika kuhusu rangi ya ngozi. Sitasema kwamba jambo hilo halipo India. Lipo, na nimekutana nalo. Lakini usiku ule sababu ilikuwa karatasi. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya wageni aripoti kila mgeni wa kigeni kwa mamlaka ya usajili ndani ya saa 24, kupitia fomu iliyoitwa wakati huo Fomu C, na nyumba nyingi ndogo hazijajiandikisha katika mfumo huo, kwa hiyo njia nyepesi kwao ni kusema vyumba vimejaa. Mwenyeji ndiye aliyefikiria Angamaly, mji ulio karibu na uwanja wa ndege wa Kochi, ambako hoteli zimezoea pasipoti za kila rangi.

Hata huko tulikaa mapokezi zaidi ya saa moja, kwa sababu wawili kati yetu walisafiri na kitambulisho cha chuo tu. Ilibidi wenzao wa bweni wavunje kufuli za makabati Bengaluru, wapige picha pasipoti, viza na hati za ukaazi, wazitume. Saa 4 usiku kila mtu alikuwa kitandani, vyumba sita, rupia 2,400 kila kimoja.

Siku ya pili na kurudi

Jumamosi saa 12 asubuhi tuliondoka watu 14. Majeruhi alibaki hotelini na rafiki mmoja. Dereva alikuwa amelala saa saba. Tulivuka daraja la matao la Neriamangalam, juu ya mto Periyar, tukapita maporomoko ya Cheeyappara yanayoshuka ngazi kwa ngazi hadi ukingoni mwa lami, na saa 5 kasoro robo tulikuwa Munnar, tukitetemeka ndani ya fulana. Ukungu ulikuwa unapanda na kushuka juu ya chai iliyokatwa usawa kama nywele za askari. Aliyetoka Mufindi alisema yuko nyumbani, aliyetoka Kericho akasema hapana, Kericho.

Muda ulitosha jambo moja. Hifadhi ya Eravikulam, makazi ya mbuzimwitu wa Nilgiri, ilikuwa na foleni ndefu ya sikukuu, na tulipofika dirishani tukakuta kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko cha Mhindi kwa kiasi ambacho bajeti yangu haikukijua, kwa kuwa bei nilizoandika nilizipata kwa Mhindi mwenzetu wa pili. Tuliacha. Tulikwenda kutembea kwenye njia za chai, tukanywa chai ya iliki, na saa 8 mchana gari likageuka, kwa sababu Kiongozi alikuwa ameweka saa hiyo tangu asubuhi na dereva aliishika kuliko sisi. Tulilala tena Angamaly, na Jumapili tukarudi Bengaluru mchana kweupe.

Matokeo

Majeruhi alikaa na bendeji wiki kadhaa na sasa anatembea sawasawa. Hakuna mwingine aliyeumia, ukiacha ruba waliotunyonya kwenye chai. Malazi yalitugharimu rupia 28,800 za Angamaly pamoja na arbuni ya 14,000 iliyopotea, yaani 14,800 zaidi ya mpango. Ukijumlisha hospitali unapata upungufu wa 18,000, ambao ni rupia 1,125 kwa kila mmoja.

Yapo mengine yanayopaswa kuandikwa hata kama hayatupendezi. Usiku wa Ijumaa ile barabara ya Munnar haikufungwa. Mvua ilinyesha, lakini magari yalipanda, na tulikutana na kikundi cha wanafunzi wengine waliofika huko saa 5 usiku, salama, wakala, wakalala kwenye vyumba walivyolipia.

Uchambuzi

Kwa sababu hiyo wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba Kiongozi alikosea. Sikubaliani nao, ingawa nilipiga kura upande wao. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana saa 11 jioni, na yaliyojulikana yalikuwa dereva mwenye usingizi, mtu asiyeweza kutembea, giza, kona na tahadhari rasmi. Waliopanda wakafika salama hawakuthibitisha kwamba njia ilikuwa salama. Walithibitisha kwamba safari hiyo moja ilipita. Ningemwona Kiongozi amekosea kama angekuwa na taarifa nyingine na akaipuuza, na hakuwa nayo.

Alipokosea ni hatua moja nyuma: kuitisha kura. Ukiita watu wapige kura, umewaahidi kwamba hesabu itafuatwa, na ukishaitengua, hata kwa sababu nzuri, umewapa tisa manung'uniko ambayo wasingekuwa nayo kama ungewaambia tangu mwanzo kwamba jambo hili si la kura. Kuna mambo ya kikundi, kama tule wapi au nani akae dirishani, na kuna mambo ya mtu mmoja aliyepewa dhamana kabla ya safari kuanza. Sisi hatukuwa tumempa mtu yeyote dhamana ya kusema ‘tunageuka’, kwa hiyo alilazimika kuichukua mwenyewe kwenye maegesho, mbele ya watu wenye njaa.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni swali la pili la Mwenyeji. Dereva wa kukodi anayesikia wateja 16 wakitaka kupanda hana nafasi ya kusema hapana. Riziki yake iko mikononi mwao, na mwenye gari hatampigia makofi kwa uangalifu wake. Kumuuliza ‘unaweza?’ ni kumlazimisha aseme ndiyo. Na alipojibu kwa kichwa, tulilisoma jibu kwa macho ya kwetu. Kama Mwenyeji asingekuwapo, kumbukumbu zetu zingesema kwamba dereva alikubali.

Ajali yenyewe ina mafunzo machache kuliko inavyodhaniwa. Kandambili, simu, jiwe lenye ukungu, kamba iliyovukwa: hayo yanajulikana na kila mtu, na Majeruhi alikuwa anayajua. Lililonisumbua zaidi ni kwamba ajali ile ilitukuta tukiwa tayari tumeshapoteza saa nne, na haraka hiyo ilikuwa miguuni mwa kila mtu. Mlinzi alipotutaka tupumzike juu kwanza hadi kikundi kilichotangulia kipande, ni sisi tuliosema hatuna muda. Ratiba ilihesabu kilomita na kusahau kwamba katika nchi ya milima gari hula saa, wala halili kilomita. Kilomita 110 za kutoka Angamaly hadi Munnar zilituchukua muda ambao barabara kuu ya Salem ingetupa mara mbili yake.

Kuhusu fedha, kosa ni langu na ni la aina mbili. Kutoweka akiba ya dharura ni uzembe wa kawaida. La pili ni baya zaidi: arbuni isiyorudishwa niliyoiona kama ushindi, kwa sababu ilitupunguzia bei, ndiyo iliyogeuka kuwa sauti kubwa kuliko zote pale hospitalini. Rupia 14,000 zilikuwa zimeshatoka mifukoni, na zisingerudi tupande tusipande, lakini nilizungumza kana kwamba mlimani kuna mtu anatusubiri atukabidhi. Safari iliyofuata tulilipa zaidi kidogo kwa malazi yanayoruhusu kughairi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi nilipokuwa natia saini.

Suala la hati limekwisha kwa njia rahisi: kila msafiri sasa hunitumia picha ya pasipoti, viza na hati ya ukaazi siku mbili kabla, na asiyetuma hapandi. Nauliza pia hoteli, kabla ya kulipa, kama wanapokea wageni wa kigeni na kujaza fomu ya kuwaripoti, na nimegundua kwamba swali hilo moja huchuja nusu ya orodha.

Nyongeza ya rupia 1,125 imelipwa na watu 14. Wawili wamelipa 250 tu kila mmoja, wakikata 875 ambazo ndizo sehemu yao ya arbuni iliyopotea, kwa hoja kwamba wao walipiga kura ya kupanda na hawapaswi kulipia uamuzi wa mtu mwingine. Kiongozi amejitolea kuwalipia. Mimi nimekataa kuzipokea fedha zake, na katika daftari deni hilo la rupia 1,750 bado liko wazi.